Bastola ya Mwanangu

Katika maisha yangu ya ualimu nimekagua mambo mengi: madaftari, vyoo, ghala la mahindi ya shule, kucha za watoto siku ya Jumatatu, na walimu wanafunzi walioletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Sikutazamia kwamba baada ya kustaafu, nikiwa na umri wa miaka 73, ningeketi juu ya stuli nyuma ya mwanangu wa pekee, daftari gotini, nikikagua bastola.

Ilikuwa mwaka 2023, nilipokwenda Houston, katika jimbo la Texas, kumwona yeye na familia yake. Mwanangu ni fundi wa majokofu. Jokofu la nyama la duka kubwa likizimika saa nane ya usiku, yeye ndiye anayeamshwa. Miezi minne kabla ya safari yangu alisimama usiku kutia mafuta, na watu wawili wakamwekea mtutu ubavuni. Walichukua pochi, simu na sanduku la vifaa vyake vya kazi. Hawakumpiga. Lakini mkwe wangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu usiku ule mumewe hakai tena kuupa mlango mgongo, hata wakati wa chakula.

Basi akanunua bastola. Mkwe wangu hakuitaka, kwa kuwa nyumbani kuna mtoto wa miaka 6, mjukuu wangu. Nilipofika, kila mmoja alinijia kwa wakati wake na kuniambia neno lile lile: “Baba, wewe ndiwe mkubwa. Tuamulie.”

Niliwajibu kama nilivyozoea kuwajibu wazazi waliokuja ofisini kumlalamikia mwalimu mgeni. Niliwaambia sitoi hukumu kabla sijaona kazi.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza kama mambo haya yanaruhusiwa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia aombe leseni na achunguzwe kwanza. Texas wana njia yao. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, anaweza kutembea na bastola bila kibali. Mimi, kwa upande wangu, sikuruhusiwa hata kuigusa. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni wa viza ya matembezi kushika silaha ya moto, ila kwa masharti machache, kama kuwa na leseni ya uwindaji. Hilo halikunisikitisha. Mkaguzi hashiki chaki.

Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, ya namna inayofichika chini ya shati. Zamani bastola ndogo ilibeba risasi chache. Mwaka 2018 ilipotoka SIG Sauer P365, yenye kubeba risasi 10 katika umbo dogo sana, makampuni mengi yakafuata njia hiyo. Ya mwanangu ilikuwa katika kundi hilo, na jina lake si muhimu hapa. Risasi zake ni za milimita 9, aina iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo mpaka leo inatumiwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi.

Nilijifunza kwamba bastola mpya haiaminiwi siku ya kwanza. Hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, ambayo sharti yafutwe na kupakwa mengine mepesi. Springi yake ni ngumu, na springi za magazini pia ni ngumu, hata kidole gumba huuma mtu anapopachika risasi ya mwisho. Vyuma havijasuguana vikazoeana. Kwa sababu hiyo wenye busara hufyatua kwanza risasi za kawaida, aghalabu 200, kisha 50 za aina ile watakayoibeba, ndipo waseme kama chombo kinafaa. Risasi ya kubeba huwa na tundu katika ncha yake, ili ipanuke inapoingia mwilini na isipenye kirahisi kumdhuru aliye nyuma. Lakini mdomo wake mpana huweza kukwama pale ambapo risasi ya ncha ya mviringo hupita bila taabu. Kwa hiyo haitoshi kuijaribu bastola kwa risasi za bei nafuu na kuibeba kwa risasi nyingine. Mwanangu, kwa sababu ya gharama, aliamua kufyatua 200 za kawaida katika siku mbili, na 50 za kubeba mwishoni.

Nilinunua daftari la mistari. Nilichora safu nne: namba ya risasi, magazini, imekwenda au imekwama, maelezo. Magazini zilikuwa mbili, nikamwambia aziandike A na B kwa kalamu nyeupe. Alicheka. “Baba, hujastaafu bado.”

Uwanja wa shabaha ulikuwa ndani ya jengo refu lisilo na madirisha. Ukutani palibandikwa kanuni nne, nami nikazinakili kwanza, kama mtu anayenakili malengo ya somo: Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Usitie kidole kwenye triga mpaka umekwisha kulenga. Ijue shabaha yako, na kilicho nyuma yake. Nilivaa miwani na vifuniko vya masikio, nikaketi.

Nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa nikiwa kijana, kwa hiyo mlio wa bunduki si mgeni kwangu. Lakini bunduki hulala begani na hushikwa kwa mikono miwili iliyoachana. Bastola ndogo hutupa nguvu yake yote katika kiganja. Kila risasi ilipotoka niliona mkono wa mwanangu ukiruka, na kidole chake cha mwisho kikielea hewani, kwa kuwa mpini ulikuwa mfupi na hakikupata mahali pa kushika.

Risasi ya 9 ilikwama. Ganda tupu, badala ya kurushwa nje, lilinaswa na kusimama wima juu ya bastola kama bomba la moshi. Nikaandika. Ya 28 ikafanya vivyo hivyo. Ya 39 pia. Ilipofika ya 78 mwanangu aliiweka bastola mezani, uso umemwiva.

“Mbovu,” alisema. “Nairudisha dukani kesho. Kitu kama hiki hakiwezi kuniokoa.”

Nilitazama daftari langu. Mara mbili ilikuwa magazini A, mara mbili magazini B. Kwa hiyo si magazini. Halafu nikaona jambo jingine: 9, 28, 39, 78. Zote zilikuwa mwishoni mwa kumi. Risasi za kwanza za kila magazini zilikwenda salama, na zile za mwisho ndizo zilizokwama.

Nilikumbuka mwaka mmoja nikiwa mwalimu mkuu, darasa zima la tano lilipokosa swali moja la kugawanya. Nilikuwa nimeshaanza kuwakemea watoto, mpaka nilipogeuka nikaona ubaoni mfano umekosewa, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, makosa yanapojirudia kwa mpangilio, huwa namtazama kwanza anayeshika chaki.

Mzee aliyesimamia uwanja, mtu wa rika langu, alikuwa amesimama nyuma yetu kwa muda. Aliomba ruhusa, akaijaza A, akafyatua 10, kisha B, akafyatua 10. Hapakukwama hata moja. Akaeleza kwa upole. Risasi inapotoka, chuma cha juu cha bastola hurudi nyuma kwa nguvu, hutupa ganda nje, kisha hurejea mbele na kusukuma risasi nyingine ndani. Ili kifanye hivyo, sehemu ya chini sharti itulie mkononi. Kiwiko na kifundo vikilegea, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na kile chuma, nacho hukosa nguvu ya kumaliza safari yake. Bastola kubwa na nzito humvumilia mshikaji mlegevu, lakini ndogo na nyepesi haimvumilii. Mwanangu alikuwa akianza kila magazini kwa mkono imara, na kila kishindo kikawa kinamlegeza kidogo, naye harekebishi.

“Bastola haina kosa,” mzee alimaliza. “Ni mkono.”

Siku ya pili tulirudi baada ya juma moja. Alikuwa ameisafisha na kuipaka mafuta, na jioni kadhaa alikuwa amefanya mazoezi ya kushika, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Alifyatua 100. Hapakukwama. Akafyatua 50 za kubeba, taratibu, akirekebisha mkono kila baada ya mbili. Hapakukwama. Hata matundu kwenye karatasi, yaliyokuwa yametawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama, sasa yalikusanyika mahali pamoja. Nikajumlisha: 250, kukwama 4, zote siku ya kwanza, sababu imejulikana.

“Imefaulu, Baba?”

“Imefaulu,” nilisema. Akaijaza, akaitia katika ala kiunoni, akateremsha shati. Nilimwona akinyoosha mgongo, na nakiri kwamba nilifurahi kumwona hivyo.

Tukiwa njiani kurudi, yapata saa kumi na moja jioni, gari moja kubwa lilituingilia mbele ghafla. Mwanangu alipiga honi, ndefu kuliko ilivyohitajika. Kwenye taa nyekundu yule dereva alishuka, mtu mnene wa makamo, akaja akipayuka, akapiga boneti yetu kwa kiganja. Hakuwa na kitu mkononi. Nilimwona mwanangu akimtazama. Kisha nikaona mkono wake wa kulia ukiondoka kwenye usukani, ukishuka polepole, ukakaa juu ya shati, pale kiunoni.

Sikusema neno. Ningetaka kukwambia kwamba nilisema jambo la hekima, lakini ulimi ulikauka. Yule mtu alipayuka tena, akageuka, akarudi garini kwake. Taa ikawa ya kijani. Tulikwenda maili kadhaa kimya.

Hakufanya kosa lolote ambalo askari angeliandika. Hakuitoa, hata shati hakulipandisha. Lakini kabla ya siku ile, mtu kama yule angepandishiwa kioo tu na kuachwa na hasira zake. Sasa hasira za mtu yule zilikuwa zimepata mahali pa kujibiwa, na njia ya kwenda kwenye jibu hilo ilikuwa fupi kama urefu wa mkono.

Usiku mjukuu alipolala, niliwaita wote wawili mezani, nikafungua daftari. Kurasa za mwanzo niliwasomea kwa haki. Bastola inafanya kazi yake. Mwanangu ameshinda udhaifu wa kushika. Aliyewekewa mtutu ubavuni ana sababu ya kuogopa, wala sitamcheka mimi ninayelala usingizi wangu kijijini. Nikamwambia mkwe wangu pia kwamba hofu yake juu ya mtoto ni ya haki, na kwamba sheria ya Texas nayo inamhesabia kosa mtu mzima anayezembea na kuacha silaha iliyo tayari kufyatuliwa mahali anapoweza kuifikia mtoto wa chini ya miaka 17. Sanduku la chuma lenye kufuli linunuliwe kesho, si mwisho wa mwezi.

Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho. Juu yake nilikuwa nimeandika “Mshikaji”, na chini yake mstari mmoja: Taa nyekundu, saa kumi na moja jioni. Mkono uliondoka kwenye usukani.

Mwanangu alisoma, akanyamaza. Mkewe alisoma, akamtazama, kwa kuwa alikuwa hajaambiwa. Baada ya muda mrefu akauliza, “Umenipa alama ngapi, Baba?”

“Sina alama,” nilimjibu. “Bastola nimeijaribu kwa risasi 250. Wewe nimekuona kwenye taa moja tu.”

Hakujitetea. Alisema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba mkono ule ulikwenda wenyewe, na kwamba yeye pia ulimtisha.

Sanduku lilinunuliwa. Walikubaliana kwamba bastola itatoka ndani yake pale tu anapoitwa kazini usiku, na si kwa safari za sokoni wala shuleni. Mkwe wangu hakuridhika kabisa, na mwanangu hakuridhika kabisa, na mimi sikuwalazimisha. Nyumba ni yao. Daftari niliwaachia.

Tangu nirudi kijijini hunipigia simu siku ya Jumapili. “Shikamoo Baba,” huanza, nami huitikia, kisha huuliza habari za mjukuu na za mkwe. Mwishoni huuliza, “Na mkono je?” Mara nyingi hunijibu kwamba uko salama. Jumapili moja alichelewa kujibu, nikasikia kurasa zikifunuliwa, ndipo nikajua kwamba daftari lile bado linaandikwa.