Paje, ambako tiara humpima anayeirusha

Ukitaka kuwabandua watoto kwenye simu, wapeleke Paje maji yakiwa yamekupwa. Kijiji hiki cha pwani ya mashariki ya Unguja kipo kama kilomita 50 kutoka Mjini, na bahari ikirudi nyuma huacha uwanja mpana wa mchanga mweupe. Msimu wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo hutoka baharini bila kukutana na jengo wala mnazi.

Nilikwenda na dada yangu na mwanawe wa miaka 10, tukiwa na tiara ya kamba mbili yenye upana wa mita 2.4. Hiki si kile kishada cha gazeti na njiti za ukuti. Kina kitambaa chepesi cha nailoni, fimbo za kaboni na vishikio viwili. Vuta mkono wa kulia, tiara inakata kulia. Vuta wa kushoto, inakata kushoto. Mwingereza Peter Powell ndiye aliyezipa umaarufu tiara za kuongozwa namna hii miaka ya 1970.

Dada aliuliza swali la kila mzazi: “Mtoto ataiweza?”

Jibu lipo kwenye upepo. Tiara kubwa hugeuka taratibu, hivyo humpa anayejifunza muda wa kufikiri. Lakini huvuta. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mvuto huongezeka mara nne. Ikipita katikati, mbele yako, huvuta zaidi. Ikikaa pembeni kabisa au juu ya kichwa, hutulia.

Saa tatu asubuhi, upepo ukiwa mwanana, mpwa wangu aliichora duara angani huku akicheka. Kufika saa sita kusi ilikaza, ikamburuta mama yake hatua tatu, visigino vikichimba mchanga. Mtoto hakupewa tena.

Mkienda, zingatieni haya. Kamba zote mbili ziwe na urefu sawa, la sivyo tiara itavutia upande mmoja. Kamba iliyokaza ni nyembamba na hukata ngozi, kwa hiyo isiguswe wala kuzungushwa mkononi. Simameni mbali na minazi na nyaya za umeme, na msirushe mawingu ya radi yakitanda. Wapisheni akina mama wanaokwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Tiara ikianguka kwa kasi huumiza. Kofia na maji ya kunywa visisahaulike.

Somo la kwanza la mtoto lisiwe kurusha, liwe kuachia. Mfundisheni kufungua vidole mara anapohisi anavutwa, arudie mpaka azoee.

Kwangu mimi, tiara hii ni ya mtu mzima. Mtoto aipate asubuhi tu, upepo ukiwa mdogo, mzazi akiwa amesimama nyuma yake.