Harufu ya Bweni Letu



Wiki mbili kabla ya ziara ya Baba Askofu, vyoo vya bweni letu vilianza kunuka. Zamu ya usafi ilikuwa yetu, mafrateri wa mwaka wa pili wa falsafa, nasi tukaona dawa ni moja tu: jiki. Tulimimina madumu kwa madumu, asubuhi na jioni. Tulipomaliza kupaka rangi pango la Bikira Maria, tina ya kuoshea brashi nayo tukaitupa humo humo. Tukamwagia ndoo ya maji, tukaenda Masifu ya Jioni.

Harufu ikazidi.

Fundi alifunua karo la maji machafu, akachungulia, akauliza, "Mafrateri, mmemwaga nini humu?" Tukatazamana. Akatueleza taratibu: ndani ya karo uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la kunyonyea. Wanaouozesha uchafu ni bakteria. Jiki kidogo haiwadhuru sana. Ikizidi huwaua, kisha uchafu hujaa na kufuata maji mpaka kuziba udongo wa shimo. Tina ni mbaya zaidi, maana bakteria hawaimalizi, nayo huweza kupenya ardhini pamoja na maji. "Na mshukuru Mungu," akaongeza, "hamkuchanganya jiki na ile dawa ya choo yenye asidi. Gesi yake ingewaumiza mapafu."

Bondeni, chini ya ukuta wetu, kuna kisima cha mama anayetuuzia mchicha. Hicho ndicho kilichotunyima usingizi. Darasani tunafundishwa kwamba kutoonekana si sawa na kutokuwepo. Chooni tulikuwa tumesahau. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anataja sabuni na kemikali zinazomiminika mitoni, ziwani na baharini. Tuliusoma tukidhani anawasema wenye viwanda.

Tulimweleza Baba Gombera, kisha tukaenda kwa yule mama. Tukamwamkia, tukasema yote. Akanyamaza kitambo, akauliza: "Sasa wanangu, haya maji ninywe au nisinywe?" Hatukuwa na jibu. Tunampelekea maji ya bomba la seminari mpaka kisima kitakapopimwa.

Siku hizi tunasugua kwa brashi na sabuni kidogo. Tina tunaiacha ituame kwenye kopo lenye mfuniko, tunaitumia tena. Nanyi waamini mnaotusoma, kabla ya kumwaga chochote chooni, jiulizeni kisima cha jirani kiko upande gani.