Betri ya trekta lililoegeshwa

Hapa Kilangali, mpunga ukishavunwa, trekta la familia yetu huegeshwa hadi mvua zikaribie. Katika miezi hiyo betri hupungua chaji yenyewe. Ikiachwa tupu muda mrefu, salfeti hugandamana juu ya sahani zake za risasi, na kuifufua huwa shida. Kwa hiyo tunafungua waya wa hasi, tunasafisha vichwa vyake, tunaongeza maji safi ya betri, si tindikali. Kila mwezi tunapima: volti 12.6 imejaa, ikishuka hadi 12.4 tunaichaji.

Trekta hili tuliachiwa na marehemu baba, nalo huwalimia pia majirani wasio na uwezo. Kwetu ni amana. Mvua ya kwanza haimsubiri mwenye betri mfu, basi vijana wetu wamepangiana zamu za kupima.