Daftari la Fidla na Viola

Jumapili, 12 Januari 2025

Shule zimefunguliwa na simu ya Mwalimu haijatulia. Kila mzazi anaulizia fidla. Viola hakuna aliyeitaja, wengi hawajui kama ipo. Mwalimu hajibishani nao, anawaambia tu, "Mlete Jumamosi, tumsikie kwanza." (Tumeitana Mwalimu, mimi na mume wangu, tangu tuanze kufundisha chumba kimoja. Watoto wetu walikua wakidhani ndilo jina letu sote wawili.)

Leo baada ya ibada alibaki nyuma ya kanisa wakati kwaya ya watoto ikifanya mazoezi. Najua anachotafuta. Kuna mtoto ambaye wenzake wakishika sauti ya kwanza, yeye anateremka taratibu kwenye sauti ya pili bila kuambiwa na mtu, na hapotei. "Huyo ni wangu," akaninong'oneza. Hapa Kisumu huenda mtoto hajawahi kuona viola maisha yake yote, lakini amekaa na mama yake kwenye benchi la alto tangu akiwa mgongoni. Sol-fa anaisoma kabla ya kujua mistari mitano ya nota. Mwalimu anaamini mpiga viola ameshaandaliwa na kwaya, kazi yetu ni kumtambua. Nami naamini hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Joto. Msichana mmoja kaleta fidla iliyosahaulika ndani ya gari mchana mzima juani. Imeachia ubavuni, unaweza kupitisha ukucha. Alikuwa analia. Nikamweleza kwamba gundi yake hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na mafundi waliichagua makusudi kwa kuwa ni dhaifu kuliko ubao: joto likizidi, gundi huachia kabla mbao hazijapasuka. Fidla imejiokoa yenyewe. Tutaibana upya.

Mwalimu alishinda akigeuza fidla ya robo tatu kuwa viola. Viola ya mtu mzima ni ndefu mno kwa mkono wa mtoto wa miaka tisa, kwa hiyo unachukua fidla ndogo, unaondoa uzi mwembamba wa E, unasogeza nyingine, kisha unaweka uzi mnene wa C upande wa chini. Zinabaki C, G, D, A. Kasoro ni moja: sanduku dogo haliwezi kuubeba ule uzi wa C, unatoa sauti ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Mtoto anajifunza viola kwenye chombo kisichomwonyesha uzuri wa viola. Ndiyo maana kila kipindi Mwalimu humalizia kwa kumpigia mtoto uzi wa C kwenye viola yake mwenyewe, akiwa amemwekea mkono wake mgongoni mwa chombo ili ausikie ukitetema.

Jumatano, 5 Machi

Nimekuwa nikimfikiria mwalimu wa fidla Shinichi Suzuki. Alizaliwa Nagoya mwaka 1898, baba yake akiwa na kiwanda cha fidla. Akaenda Ujerumani kusoma, akamwoa Waltraud Prange mjini Berlin mwaka 1928, na ni Waltraud aliyekuja kutafsiri kitabu cha mumewe kwa Kiingereza. Nawapenda wawili hao kwa sababu najua kazi ya nyumba yenye kazi moja: chakula cha jioni kinapoa huku mnabishana juu ya kidole gumba cha mtoto wa watu.

Hoja ya Suzuki ni kwamba kila mtoto wa Japani huongea Kijapani bila shida, basi kila mtoto anaweza kujifunza muziki akifundishwa jinsi anavyofundishwa lugha ya mama: kwa kusikia, kurudia, na kuzungukwa na wanaoijua. Nakubali neno kwa neno. Lakini fungua kitabu chake cha kwanza cha mafunzo ya fidla. Nyimbo nyingi za mwanzo ni za watoto na za kienyeji za Ulaya, moja baada ya nyingine. Kama muziki ni lugha ya mama, basi mama wa mtoto wa ufuo wa Dunga si Mjerumani. Mtoto huyo amelala usingizi wake wa uchanga na muziki wa benga ukitoka redioni kwa jirani. Mapigo ya kinubi cha nyatiti anayajua kwa mwili. Na kubwa zaidi, ufuo huu una chombo chake cha upinde, orutu. Uzi mmoja, kisanduku cha mti kilichowambwa ngozi ya kenge, upinde wa nyuzi za katani. Sisi walimu wa fidla tumezoea kuanza kana kwamba masikio ya mtoto ni daftari jipya. Yameandikwa tayari!

Nilimsomea Mwalimu haya. Akasema, "Basi anza wewe, Jumamosi hii."

Nitaanza. Wanaoanza sasa hawatapewa wimbo wowote wa kitabuni mwezi wa kwanza. Wataleta wimbo wa nyumbani, tutautafuta pamoja kwenye uzi mmoja tu.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Vihiga, kwetu. Mvua usiku kucha, vigingi vya fidla vimevimba, havizunguki hata kwa kubembeleza. Nilivisugua kwa risasi ya penseli na kungoja.

Baba mdogo bado anapiga shiriri, ndugu wa orutu kwa upande wetu wa Waluhya. Alinitaka nimpigie. Nikampigia zoezi la upinde ambalo wanafunzi wangu wa gredi ya 3 wanalipigania kwa mtihani wa fidla. Akasikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wimbo uko wapi, mwanangu?"

Akachukua chake. Hakina ubao wa vidole, sauti inatafutwa kwa sikio tupu. Aliimba mstari, shiriri ikamfuata nyuma kidogo, ikaongeza pambo pale alipovuta pumzi, ikamngoja. Hapa upinde haujawahi kutengana na koo. Nikifundisha upinde peke yake, zoezi juu ya zoezi, nafundisha nusu ya kitu. Tangu sasa kila mwanafunzi ataimba kabla ya kupiga, hata wale wakubwa wanaoona haya.

Wasichana kwetu hawakuruhusiwa kushika hivi vyombo. Leo mwanamuziki Labdi anasimama jukwaani na orutu yake, na wasichana wangu wanamjua. Baba mdogo alipomaliza akanikabidhi upinde bila kusema lolote.

Alhamisi, 12 Juni

Stima imepotea tangu saa moja. Hakuna kusahihisha daftari, kwa hiyo tumepiga. Sinfonia Concertante ya Mozart, ya mwaka 1779, fidla na viola zikiwa sawa kwa sawa. Bila okestra, sisi wawili tu na taa ya simu.

Mozart alijua kitu kuhusu ndoa ya vyombo hivi. Alijua sauti nyororo ya viola ingefunikwa na ung'avu wa fidla, basi akaandika mpiga viola akaze nyuzi zake zote nusu toni juu. Fidla inapambana na E-flati, ambayo nyuzi zake tupu hazisaidii sana, wakati viola inaweka vidole kama iko kwenye D, ufunguo rahisi, nyuzi tupu zinavuma. Siku hizi wapigaji wengi hawakazi. Mwalimu anakaza. Sehemu ya pili, ile ya polepole, yeye hujibu kila nilichosema lakini kwa kina zaidi, na miaka yote hii bado sijui namna ya kumtangulia kwa jibu.

Jumamosi, 28 Juni

Mama mmoja alikuja amekunja uso. "Mwalimu, mtoto wangu alikuwa fidla. Mbona ameshushwa?"

Nilimpisha Mwalimu. Akamwambia kuhusu William Primrose wa Glasgow, aliyeanza kwa fidla, akaenda Ubelgiji kwa Eugène Ysaÿe, na Ysaÿe mwenyewe akamshauri ahamie viola. Akawa mpiga viola mashuhuri duniani, hata Béla Bartók akaanza kumwandikia konseto, akafa mwaka 1945 kabla ya kuimaliza. Mama hakutikisika. Majina ya mbali hayakumgusa, na sikumlaumu.

Basi Mwalimu akamkalisha katikati ya watoto. Wakapiga wimbo wote, kisha akawaashiria wapiga viola wanyamaze. Fidla zikabaki zikielea juu, besi chini, katikati pengo. Akawarudisha. Mama anaimba alto, nilimwona midomo ikiifuata ile sauti ya ndani.

"Kumbe ni sisi," akasema.

Jumapili, 27 Julai

Onyesho la kufunga muhula limekwisha, miguu inauma, nimefurahi sana.

Mpiga orutu alitoka Siaya. Tulidhani angelinganisha uzi wake na sisi. Hapana: alilinganisha na sauti ya mama aliyekuja kuimba naye, na mama huyo alikuwa na sauti yake ya siku hiyo. Sisi sote tukalegeza nyuzi kumfuata. Fidla zililalamika, vigingi vikateleza, lakini viola zilikaa mara moja, maana zimezoea kumsikiliza mwingine kwanza. Na wale wanaoanza, waliotafuta nyimbo za nyumbani kwenye uzi mmoja tangu Machi, walimfuata mzee wa Siaya katika mapambo ambayo wakubwa wangu wa mitihani hawakuyapata. Mbele ya wazazi wote! Hilo nimeliandika ili nisilisahau nitakapoambiwa napoteza muda wa silabasi.

Jumatatu, 4 Agosti

Mipango. Januari ijayo wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wataingia shule za upili za juu, na wawili kati ya wanafunzi wetu wanataka mkondo wa sanaa na michezo. Tutawaandaa kwa kusoma nota kwa kasi zaidi, hapo bado tuko nyuma.

Wazazi watatu wameulizia viola, kwa jina. Mwalimu anataka watoto hao waanze moja kwa moja na viola, bila kupitia fidla. Mimi nasita kwa sababu ya mabega na ule uzi wa C kwenye chombo kidogo. Tumebishana hadi chai ikaisha. Mmoja ataanza na viola kwake, wawili na fidla kwangu, na Krismasi tutawasikiliza wote. Nyuzi za C nimeziagiza leo.