Amri ya Saba na Michezo ya Zamani

Nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, mwalimu wa dini, mbele ya watoto wa kipaimara.

Siku ile nilifundisha Amri ya Saba. Nilisema: kuiba si kuchukua mbuzi wa jirani tu, kula jasho la mtu bila ruhusa yake ni kuiba vilevile. Hapo mtoto mmoja akasimama, akauliza: “Mwalimu, na michezo ile ya kompyuta, tuliinunua kwa nani?” Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Katika chumba cha vijana tuna kompyuta moja kuukuu. Mimi ndimi niliyepakua kutoka intaneti michezo ya video ya zamani, mmojawapo Super Mario Bros. wa mwaka 1985, niliouchezea utotoni kwa kaseti nyumbani kwa mjomba. Mashine zile zimekufa, na kaseti kwetu hazionekani tena. Lakini siku hizi iko programu iitwayo emuleta, nayo huifanya kompyuta iige mashine ya zamani. Kila mtoto alitoa franka 200 apate kucheza, na kwa fedha ile tulinunua mpira. Nami nilijiona mtu mwema!

Usiku ule sikulala vema. Kesho yake nikaanza kutafuta kweli, nikaona mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa.

La kwanza: programu ya kuiga si wizi yenyewe. Mwaka 2000 korti ya rufani ya Marekani iliamua shauri la Sony na kampuni Connectix, iliyotengeneza programu ya kuiga mashine ya PlayStation. Connectix walinakili programu ya ndani ya mashine ili waichungue, kisha wakaandika ya kwao. Korti ikasema hawakukosa.

La pili: mchezo wenyewe una mwenyewe, na uzee haumnyang’anyi mali yake. Huko Marekani kazi iliyotungwa kwa ajili ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kutolewa. Basi mchezo wa mwaka 1985 utafungwa hadi mwisho wa mwaka 2080. Hapa kwetu Kongo iko sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za watungaji. Sheria hizi hazisemi kwamba kitu kisichouzwa tena ni cha kila mtu. Mwaka 2021 mwenye tovuti RomUniverse aliamriwa na korti ya Marekani kuwalipa Nintendo zaidi ya dola milioni 2.

Lakini tuseme haki yote. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilionyesha kwamba katika kila michezo 100 iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, 87 haiuzwi tena. Mtu anataka kulipa, wala hapati wa kumlipa. Hata maktaba ziliomba ruhusa ya kuwaazima wachunguzi michezo hiyo kwa njia ya intaneti, zikakataliwa mwaka 2024. Hivi kazi za mikono ya watu zinapotea, na hasara hiyo si ndogo.

Nikaenda kwa Padri wetu. Akanikumbusha fundisho la Katekisimu: mwizi ni yule anayetwaa mali kinyume cha mapenzi ya haki ya mwenyewe. Kisha akaniuliza: “Mwenye mchezo amenyamaza, au amekataa?” Nikajibu: “Amekataa, Padri. Na mchezo ule wa Mario angali anautoa kwa malipo.” Akauliza tena: “Nawe ulipokea fedha?” Nikainamisha kichwa.

Basi, niliifuta michezo ile. Nikarudisha franka 200 kwa kila mtoto kutoka mfuko wangu, nikimkumbuka Zakayo, ambaye alirudisha zaidi yangu. Mahali pake nikaweka michezo ambayo wenyewe wameitoa bure: Cave Story, uliotungwa na Daisuke Amaya wa Japani peke yake, akautoa bure mwaka 2004, na Beneath a Steel Sky wa mwaka 1994, ambao wenyewe waliufungulia watu wote mwaka 2003.

Sisemi kwamba anayehifadhi mchezo ambao kampuni yake imekufa yu sawa na mwizi wa mbuzi. Lakini tusiite kitu halali kwa sababu tu hakuna anayetuona. Tuulize kwanza: mwenyewe yuko? Amesema nini? Nami napata faida gani?

Nilipompa mtoto yule fedha yake, akashangaa: “Mwalimu, hii ni ya nini?” Nikamwambia: “Ni jibu la swali lako.” Ndugu zangu, watoto wanasikia tunayofundisha, kisha wanatazama mikono yetu.