Ngitili za Shinyanga Hazina Uzio

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Shinyanga? Ukipanda gari moshi Mwanza kwenda Tabora, utapita huko. Nchi ni tambarare, na wenyeji wengi ni Wasukuma. Ukikutana nao asubuhi, sema "Mwangaluka." Watafurahi.

Fika wakati mvua zinakwisha. Utaona majani marefu na miti ya migunga. Kando yake utaona ng'ombe wanakula majani mafupi. Hawaingii kwenye majani marefu. Tafuta uzio, huuoni. Hakuna seng'enge wala miiba. Mahali hapo panaitwa ngitili.

Ngitili ni majani ya akiba. Eneo hufungwa mvua zinapoanza, ili majani na miti viote. Hufunguliwa kiangazi, sehemu baada ya sehemu. Tangu zamani ilikuwa akiba ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulima.

Sasa fikiri kidogo. Mtu anayezuia ng'ombe wake ametoa mchango, ingawa hakutoa hata shilingi moja. Ametoa majani ambayo ng'ombe wangekula leo. Kwa nini atoe? Humwangalia jirani. Jirani akizuia kundi lake, naye huzuia. Lakini mmoja akiingiza ng'ombe usiku, na asubuhi hakuna anayesema neno, mwingine atajiuliza, "Mimi nangoja nini?" Naye ataingiza. Kwa siku chache akiba imekwisha.

Kufuata wenzako kunaweza pia kuharibu nchi. Tangu miaka ya 1920 watu waliitwa wengi wengi kufyeka pori ili kufukuza mbung'o, na kila mtu alishika shoka kwa kuwa wenzake walishika. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na mifugo pia. Watu walipohamia vijijini miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao mbali. Shinyanga ikabaki uwanda mtupu.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika mkoa huo. Mwanzoni mradi ulikazania vitalu vya miche. Kisha ukawasikiliza wazee, ukazifufua ngitili. Mwaka 1986 zilihesabiwa hekta 600 tu, yaani kama eka 1,500. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Kazi hii haikufanywa na bwana misitu peke yake. Wasukuma wana mkutano wao uitwao dagashida. Hapo sheria za kijiji hutungwa mbele ya watu. Sungusungu hulinda, na aliyelisha mahali palipofungwa hutozwa faini. Faini huuma, lakini nadhani aibu huuma zaidi. Mtu aliyelipa faini mbele ya wakwe zake hatasahau upesi.

Iko pia faida inayoonekana. Vijiji vingine viliuza majani na miti ya ngitili ya kijiji, vikajenga madarasa. Mtu akiona darasa, anajua mchango wake ulikwenda wapi.

Jambo moja halipendezi. Dagashida kwa desturi ni mkutano wa wanaume. Lakini ni nani anayetembea mbali kutafuta kuni? Mama. Anaambiwa asikate mti, na siku ya kutunga sheria hakuulizwa. Tena mwenye ardhi kubwa ana ngitili yake mwenyewe. Asiye na ardhi hutegemea ile ya kijiji tu. Ukimdai mtu huyo atoe sawa na tajiri, utakuwa umemwonea. Vijiji vyenye ngitili vinapaswa kulijadili jambo hili wazi, akina mama wakiwepo.

Basi ukisafiri huko na mifugo, usiipitishe kwenye majani marefu kwa kuwa humwoni mlinzi. Uliza kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Huenda mtoto anayechunga mbuzi ng'ambo ya njia ameshakuona.