Sadaka na Jina la Mtoaji

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako na Chimala, na njia nzima hulakiwa na vibao vya makanisa, shule na makao ya yatima. Huko si jambo geni. Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na wengi wa Nyanda za Juu wamesoma na kupona kwa mikono ya watu wa dini. Wema huo ni wa kweli, nami sitaki kuukana.

Mimi ni mtu wa kisiwani. Nilipokuwa nikifundisha mkoani Iringa, niliombwa kutafsiri barua za watoto wa makao fulani, zipelekwe ng'ambo kwa wafadhili. Siku moja msichana wa miaka kama kumi aliandika kwamba usiku huogopa. Msimamizi akaniambia kuwa maneno hayo yatawahuzunisha wenye kutoa. Nikaandika kwamba anawashukuru na kuwaombea. Nilipouliza makao yale ni ya dhehebu gani, nikajibiwa kwamba mkono wa kushoto haupaswi kujua utoacho wa kulia. Nikanyamaza. Hadi leo sijui mtoto yule aliogopa nini, kwa kuwa sikumwuliza.

Jibu lile lilinirudia niliposoma habari za Gregory Dow, Mmarekani aliyefungua makao ya watoto mwaka 2008 karibu na Boito, nchini Kenya, akijulikana kuwa mmisionari. Mwaka 1996 alikwisha kutiwa hatiani huko Iowa, kwa shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kijinsia. Hukumu hiyo haikuandikwa kwenye kibao cha makao yake. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhalilisha wasichana wanne aliokuwa akiwalea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji asimwulize mgeni atokako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Jumuiya za dini nazo husajiliwa kwingine, katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Basi mkaguzi akihesabu vitanda tu, asiulize mlezi ni nani, ametumwa na nani, na aliishi vipi alikotoka, leseni hiyo itakuwa karatasi ukutani.

Sisi wa pwani tunaujua wakfu. Mwenye kuweka wakfu hutajwa, wanaonufaika hutajwa, na msimamizi wake hudaiwa hesabu. Sijapata kusikia kwamba hesabu hiyo hupunguza thawabu. Sadaka ya siri imesifiwa ili mtoaji asijivune na mpokeaji asiaibike. Haikusifiwa ili anayelala nyumba moja na watoto asijulikane. Atumiaye fundisho lile kuficha jina lake amemnyang'anya mtoto mlango wa kubisha siku atakapodhulumiwa.

Nalisema hili nikijua kuwa nami nilishika kalamu. Shukrani niliyomwandikia msichana yule haikuwa yake. Lake lilikuwa neno moja, naogopa, na kazi yangu ilikuwa kulifikisha.